Filamu, Dawa na Joto la Ziwa: Mwongozo Kamili wa Kusafisha Picha za Nyeusi na Nyeupe Magharibi mwa Kenya

Karatasi inayokuja ndani ya boksi la filamu imeandikiwa mtu ambaye bomba lake linatoa maji ya nyuzi 20 na ambaye jua lake hupita pembeni mwa anga. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari. Saa sita mchana jua liko utosini, macho ya watu yanazama kwenye kivuli cha paji la uso, na maji ya bomba mara nyingi hupita nyuzi 24. Ukiifuata karatasi ile neno kwa neno, utatoa negativu ngumu, yaani picha ya kwenye filamu yenye tofauti kali mno kati ya weusi na weupe: mashati meupe yameungua na nyuso hazina kitu ndani yake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepiga kwa filamu Kisumu, Kakamega, Nakuru au Eldoret na kusafisha mwenyewe nyumbani. Msimamo wangu ni huu: ipe filamu mwanga mwingi kuliko boksi linavyosema, isafishe kwa muda mfupi kuliko karatasi inavyosema, na uchague dawa baada ya kutazama kipimajoto.

Hatua ya kwanza: jua uso unakaa wapi kwenye filamu

Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, sehemu zenye giza huamuliwa na mwanga ulioingia siku ya kupiga. Sehemu zenye mwanga mkali huamuliwa zaidi na muda wa kukaa ndani ya dawa. Wapiga picha wa Marekani Ansel Adams na Fred Archer walijenga mfumo wao wa kanda juu ya ukweli huo, karibu mwaka 1940, na mpaka leo hakuna dawa iliyoubatilisha. Kivuli ambacho hakikuandikwa kwenye filamu hakipo. Ukiongeza dakika kumi ndani ya tangi la kusafishia utazidisha weupe wa shati tu.

Sasa fikiria unampiga picha mvuvi wa Dunga, ngozi nyeusi, amesimama na ziwa linalong'aa nyuma yake. Uso wake uko upande wa giza wa kipimo. Mikunjo ya kipaji, mng'ao wa shavu, nywele za kidevuni, yote yanategemea mwanga ule ambao mpiga picha mbahili huupunja kwanza. Picha nyingi za watu wetu zimeharibika hapa, na mtu akalaumu filamu au kamera. Kwangu mimi, suala zima la kasi ya filamu huanza na kuishia kwenye swali moja: je, uso huu umepata mwanga wa kutosha?

Namba ya ISO inaeleza filamu inavyohitaji mwanga. Namba ikiongezeka maradufu, mwanga unaohitajika hupungua nusu, na hiyo ndiyo stopu moja. Filamu ya 400 huhitaji nusu ya mwanga wa filamu ya 200. Lakini namba ya boksi imepimwa maabara kwa utaratibu maalumu. Wewe una ruhusa ya kuweka kamera yako 200 huku ndani kuna filamu ya 400, na filamu itapata stopu moja zaidi. Filamu ya nyeusi na nyeupe huvumilia mwanga kuzidi kuliko inavyovumilia mwanga kupungua.

Namna ya kupima: usielekeze kamera kwenye mandhari yote, kwa sababu anga na maji vitaidanganya mita, yaani kipimo cha mwanga cha kamera, nayo itapunguza mwanga. Tumia kiganja chako. Kiganja cha mkono ni cheupe kiasi kwa karibu kila mtu. Kiweke kwenye mwanga uleule unaoangukia uso wa unayempiga, kijaze kwenye kioo cha kamera, soma, kisha ongeza stopu moja. Kama mita ilisema f/8 kwa 1/250, yaani tundu la lenzi f/8 na shata wazi kwa 1/250 ya sekunde, wewe tumia f/5.6 kwa 1/250; namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi. Mwenye mita ya mkononi ya kupima mwanga unaoanguka hahitaji hesabu hii. Aisimamishe mbele ya uso na kuielekeza kwenye kamera.

Hatua ya pili: chagua kasi kwa saa na mahali

Kamera nyingi za zamani zinazozunguka kwetu huishia 1/500, chache hufika 1/1000. Jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kanuni ya jua kali inasema: weka f/16, na spidi ya shata iwe sawa na namba ya filamu. Ukitumia filamu ya 400 kwa namba ya boksi mchana kweupe pale sokoni Kibuye, umebanwa kwenye f/16 kwa 1/500. Huwezi kufungua lenzi ili vibanda vya nyuma vififie. Kwa filamu ya 125 kama Ilford FP4 Plus ukiitumia kama 80, jua lilelile linakupa f/8 kwa 1/250, na lenzi nyingi hukata vizuri zaidi hapo. Kwa hiyo kwa soko la mchana, maboti yaliyopakwa rangi, omena zilizoanikwa kwenye nyavu, au mawe ya Kit Mikayi, chukua filamu ya 100 au 125. Fomapan 100 na Kentmere 100 hufanya kazi hiyo pia kwa bei nafuu.

Ukitaka filamu moja ya siku nzima, chukua ya 400, Ilford HP5 Plus au Kodak Tri-X, na uitumie kama 200 au 250. Mchana utapata f/11 kwa 1/500. Ukiingia chini ya mwembe au kwenye baraza ya duka, utakuwa karibu na f/5.6 kwa 1/250, na bado unaweza kupiga watu wanaotembea. Ndiyo ninayompendekezea anayeanza, bila kusita.

Msitu wa Kakamega ni habari nyingine. Chini ya miti mikubwa mwanga hupungua kiasi kwamba macho huzoea na kukudanganya. Beba filamu ya 400 na stendi ya miguu mitatu. Ukiacha shata wazi zaidi ya sekunde moja, filamu huanza kuchoka na kuhitaji muda zaidi ya mita ilivyosema. Kwa HP5 Plus, mita ikisema sekunde 10, acha wazi sekunde 20. Usipofanya hivyo shina za miti zitatoka nyeusi tupu.

Mapigano ya mafahali ya Shinyalu na Ikolomani hufanyika asubuhi na mapema, watu wakiwa wanakimbia na fahali wakikimbia zaidi yao. Hapo unahitaji angalau 1/250, na alfajiri haitakupa kwa 200. Ipandishe HP5 hadi 800, yaani ipige kana kwamba namba yake ni 800. Kwa ukumbi wa benga usiku, 1600. Kumbuka tu kwamba kupandisha hakuiongezei filamu uwezo wa kuona gizani. Unakubali kupoteza vivuli ili upate mwendo, kisha unaongeza muda wa kusafisha ili sehemu za kati zisimame. Ilford Delta 3200 imekusudiwa kazi ya namna hiyo, ingawa kasi yake halisi kwa kipimo cha ISO ni kama 1000.

Jioni uwe tayari mapema. Katika ikweta jua likizama halikawii. Ndani ya nusu saa hivi ni giza. Anayetaka picha za wavuvi wa omena wakiwasha taa awe na filamu ya kasi ndani ya kamera kabla jua halijagusa maji.

Hatua ya tatu: chagua dawa

Dawa zote za kusafishia hufanya kazi moja: kugeuza chembe zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Zinatofautiana kwa ukubwa wa chembe, kwa kiasi cha kivuli zinachotoa, kwa muda zinaodumu kwenye chupa, na kwa jinsi zinavyovumilia joto. Kwetu hayo mawili ya mwisho ndiyo ya kutangulia.

D-76 ya Kodak, na ndugu yake ID-11 ya Ilford, ndiyo dawa ya kuanzia. Kodak waliitoa miaka ya 1920 na mchanganyiko wake haukufichwa: kwa lita moja ya maji, metoli gramu 2, sulfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. Huja kama unga, na unga huvumilia safari kutoka nje ya nchi kuliko chupa za maji. Ukishauyeyusha na kuitumia dawa hiyo bila kuiongezea maji mengine, ile sulfaiti nyingi hulainisha chembe. Ukichanganya nusu kwa nusu, yaani sehemu moja ya dawa na moja ya maji, chembe huonekana zaidi kidogo lakini kingo hukata vizuri, na muda hurefuka.

Huo urefu wa muda ndio ninaoutaka Kisumu. Tri-X kwenye D-76 isiyochanganywa huhitaji dakika 6¾ kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 inashuka chini ya dakika 5. Muda mfupi hivyo ni hatari: sekunde 20 za kumimina na kumwaga huwa sehemu kubwa ya kazi, na anga hutoka na mawingu ambayo hayakuwapo. Ukichanganya nusu kwa nusu unaanza na dakika 9¾ kwa nyuzi 20, na hata joto likipanda unabaki na nafasi ya kufanya kazi kwa utulivu. Ichanganye, itumie mara moja, imwage. Dawa iliyotumika mara moja haina siri. Inayorudishwa chupani hubadilika kila filamu.

Rodinal ni kongwe kuliko zote zilizo sokoni, imekuwapo tangu 1891. Ni maji mazito unayoyachanganya kidogo sana, sehemu moja kwa 50. Tangi la mililita 300 linakula mililita 6 tu. Chupa iliyofunguliwa hudumu miaka, hata iliyobaki nusu, na kwa anayesafisha filamu moja kwa mwezi hiyo ni faida isiyopimika. Hasara yake ni kwamba inaonyesha chembe wazi na haikamui vivuli. Nzuri sana na filamu za 100. Ukiitumia na HP5, usiipime zaidi ya 200. Usiitumie kabisa kwa filamu uliyoipandisha 1600.

Kwa filamu zilizopandishwa, Microphen ya Ilford ndiyo mahali pake. Ndani yake mna fenidoni badala ya metoli, na hutoa kivuli zaidi kwa mwanga uleule. HP5 iliyopigwa kama 1600 huchukua dakika 11 kwenye Microphen isiyochanganywa kwa nyuzi 20; kwenye ID-11 isiyochanganywa ni dakika 14.

Kuna pia dawa ya kahawa, ambayo ilianzia Rochester Institute of Technology mwaka 1995. Kwa lita moja: magadi ya kufulia yaliyokauka kabisa gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya unga ya papo hapo gramu 40, kwa mpangilio huohuo, kisha dakika 15 kwa nyuzi 20. Inafanya kazi kweli, hasa na filamu za 100. Zile za kasi huingiwa na ukungu. Angalizo moja kwa wa huku kwetu: magadi ya kupikia mboga si yale. Hayo ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, na uchafu wake, kwa hiyo ukali wake ni mdogo na haufanani pakiti hadi pakiti. Tafuta kaboneti ya sodiamu halisi. Kahawa iliyosalia baada ya kuchanganya haikai hadi kesho.

Ushauri wangu: chukua HP5 na ID-11, au Tri-X na D-76, na usibadilishe chochote mpaka uweze kutabiri negativu kabla hujaifungua. Rodinal ije baadaye, pamoja na filamu ya 100.

Hatua ya nne: maji na joto

Pima joto la maji ya bomba asubuhi na alasiri kwa wiki moja, uandike. Utagundua kwamba tangi la plastiki juu ya paa hutoa maji ya moto saa tisa mchana na ya wastani saa kumi na mbili asubuhi. Safisha asubuhi. Faida nyingine ya asubuhi ni mikono: kuingiza filamu kwenye rili, kile kigurudumu kinachoishika filamu ndani ya tangi, ukiwa ndani ya mfuko wa giza wakati wa joto la Kisumu huleta jasho, na filamu yenye unyevu hunata kwenye rili ya plastiki. Rili iwe imekauka kabisa.

Lenga nyuzi 24. Kuhangaika hadi 20 hakuna maana kama chumba chenyewe kina 28, kwa sababu dawa itapanda ikiwa ndani ya tangi na hutajua ulisafisha kwa joto gani. Nyuzi 24 unaweza kuzifikia na kuzishika. Mimina maji ya kuchanganyia kwenye mtungi wa udongo usiku uliotangulia, yatashuka nyuzi chache. Yakibaki ya moto, weka chupa za dawa kwenye beseni la maji na utumbukize barafu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya beseni. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe, itaipunguza nguvu. Tangi nalo likae kwenye beseni hilo kati ya kugeuza na kugeuza.

Kwa nyuzi 24, punguza muda wa nyuzi 20 kwa karibu theluthi moja. Hivyo HP5 kwenye ID-11 nusu kwa nusu, ambayo ni dakika 13 kwa 20, inakuwa 9. Na kwa kuwa uliipiga kama 200 au 250 chini ya jua kali, punguza tena sehemu kama ya sita: anza na dakika 7½. FP4 Plus kwenye ID-11 nusu kwa nusu ni dakika 11 kwa 20. Ukiipiga kama 80, anza na 6½ kwa 24. HP5 kwenye Rodinal 1 kwa 50 ni dakika 11 kwa 20, yaani 7½ kwa 24, na ukiipiga 200 shuka hadi 6½. Siku ya mawingu mazito au kivulini tupu, usifanye punguzo hilo la pili, kwa sababu mwanga wenyewe tayari ni laini. Filamu uliyoipandisha pia haiguswi na punguzo hilo.

Nakuru na Eldoret mambo hugeuka. Nakuru iko juu ya mita 1,800 na Eldoret juu ya mita 2,000. Mwezi wa Julai maji yanaweza kuwa chini ya 20. Kwa nyuzi 18, zile dakika 13 za HP5 zinakuwa karibu 16. Chini ya hapo usiende, haidrokwinoni huzubaa kwenye baridi. Weka chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu.

Usafi wa maji pia. Baada ya mvua kubwa maji ya bomba huweza kuja na tope jepesi, na kila punje inayonata kwenye filamu ni nukta nyeupe kwenye picha. Yachuje kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa. Kwa kuchanganyia dawa na kwa suuza ya mwisho, nunua maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za gari. Soma lebo vizuri, kwa maana tindikali ya betri huwekwa rafu hiyohiyo.

Hatua ya tano: kazi yenyewe

Vaa glavu, metoli huwasha ngozi. Mimina dawa, geuza tangi mara nne ndani ya sekunde kumi za kwanza, ligonge mezani ili mapovu yatoke, kisha geuza mara nne mwanzoni mwa kila dakika. Usizidishe, kila kugeuza kunaongeza ugumu. Anza kumwaga sekunde kumi kabla ya muda kwisha.

Dawa ya kusimamisha inaweza kuwa siki nyeupe ya dukani, sehemu moja kwa tatu za maji, nusu dakika. Kisha fiksa ya haraka, dawa inayoondoa chembe ambazo hazikuguswa na mwanga ili picha idumu, sehemu moja kwa nne, dakika 3 hadi 5. Kabla ya kuanza, tumbukiza kipande cha ncha ya filamu kwenye fiksa na uhesabu mpaka kiwe angavu; muda wa kufiksi uwe maradufu ya huo, na mara tatu kwa filamu za Delta na T-Max. Fiksa, siki na maji ya suuza vyote viwe karibu na joto la dawa, tofauti isizidi nyuzi mbili tatu, la sivyo gelatini inaweza kukunjamana.

Kwa mtaa wenye mgao wa maji, suuza kwa njia ya Ilford: jaza tangi, geuza mara 5, mwaga, jaza, geuza mara 10, mwaga, jaza, geuza mara 20, mwaga. Inatosha. Suuza ya mwisho iwe maji yaliyotoneshwa na tone la dawa ya kuzuia madoa, na filamu itundikwe bafuni baada ya kumwagia sakafu maji ili vumbi litulie.

Fiksa iliyochoka ina fedha ndani yake. Usiimwage kwenye mtaro, mitaro ya Kisumu inaishia ziwani, na ziwa lina mizigo ya kutosha. Ikusanye kwenye mtungi wa plastiki na uweke stilwuli ya chuma ndani. Fedha hukamatwa na chuma kwa siku kadhaa na kubaki kama tope chini. Maji yanayobaki na tope hilo vipelekwe kwa wanaopokea taka za kemikali.

Hatua ya sita: soma negativu, rekebisha kitu kimoja

Shika negativu iliyokauka mbele ya dirisha lenye mwanga wa kawaida. Tazama kwanza sehemu za uso zilizo kivulini, ambazo kwenye negativu ndizo angavu. Kama hakuna umbo ndani yake, mwanga ulikuwa mdogo: shusha namba, kutoka 250 kwenda 200 au 160. Usiguse muda. Kisha tazama shati jeupe. Weka gazeti nyuma ya sehemu hiyo; kama huoni maandishi hata kidogo, ulisafisha mno: punguza dakika moja. Kama kila kitu ni cha kijivu na hakuna tofauti kati ya shati na shavu, ongeza dakika moja. Negativu nzima ikiwa hafifu, pamoja na namba za fremu pembeni, dawa imechoka au joto lilipimwa vibaya, kwa sababu namba hizo huchapwa kiwandani na mwanga wa kamera yako hauzihusu.

Andika kwenye ganda la kila negativu: filamu, namba uliyotumia, dawa na mchanganyiko wake, joto, dakika, na hali ya mwanga. Ukihama na kamera yako kutoka Kisumu kwenda Eldoret, namba uliyompimia mtu usoni inabaki ileile. Dakika ndizo unazozitafuta upya.